Mazoea ya kila siku na testosteroni: pima vizuri, kisha ondoa kinachoikandamiza

Mwanamume akiona amechoka bila sababu, kitambi kinasogea mbele na hamu ya tendo la ndoa imelala, swali lake la kwanza huwa: nile nini, au ninywe nini, ili homoni zipande? Swali hilo limeanzia mwisho. Korodani za mtu mzima mwenye afya hutengeneza takriban miligramu 5 hadi 7 za testosteroni, homoni kuu ya kiume, kwa siku, na kazi hiyo inasimamiwa na ubongo usiku na mchana. Homoni ikizidi, amri inapunguzwa. Ikipungua, amri inaongezwa. Hakuna mzizi, kidonge cha dukani wala zoezi linaloweza kuuhadaa usimamizi huo kwa muda mrefu. Kinachowezekana ni kutafuta kitu kinachoukandamiza na kukiondoa, na kwa mwenye korodani nzima hilo ndilo lenye faida.

Jambo lingine la kunyoosha mapema: testosteroni na nguvu za kiume si kitu kimoja. Uume husimama kwa mishipa ya damu, neva na utulivu wa akili. Homoni inachangia, lakini si peke yake. Mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu anaweza kuwa na testosteroni safi kabisa na bado akashindwa. Kwa hakika, kushindwa huko mara nyingi ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa mishipa ya moyo, na anayekimbilia dawa za homoni anaacha kupima sukari, shinikizo na lehemu alizopaswa kuanza nazo. Dalili zinazoelekeza kwa homoni hasa ni tatu zikija pamoja: hamu kushuka, uume kuacha kusimama alfajiri, na kusimama hafifu wakati wa tendo. Uchovu peke yake, au hasira za karibu, haukuambii kitu.

Amri inavyoshuka kutoka kichwani

Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa ishara kwa mapigo, moja kila saa moja na nusu hadi mbili hivi. Ishara hiyo huifikia tezi ya pituitari, nayo hutoa homoni mbili ambazo maabara huziandika LH na FSH. LH huziamuru seli za Leydig ndani ya korodani zitengeneze testosteroni. FSH husimamia mbegu. Ikishaingia kwenye damu, testosteroni karibu yote hubebwa na protini, nyingine ikishikwa kwa nguvu na ile inayoandikwa SHBG, nyingine ikishikwa kwa ulegevu na albumini. Inayotembea huru ni kama asilimia 2 tu.

Sehemu ya testosteroni hugeuzwa kuwa estrojeni na kimeng'enya kiitwacho aromatesi, ambacho kimejaa kwenye mafuta ya mwili. Usiiogope estrojeni kwa hilo. Mwanamume anaihitaji ili mifupa iwe imara, na ikikauka kabisa hata hamu inashuka. Kwa hiyo vidonge vinavyouzwa kwa watu wa gym kwa ahadi ya "kuua estrojeni" vinaua pia kitu unachokihitaji.

Sababu ya kuujua mzunguko huu ni moja: mazoea mabaya karibu yote hupiga upande wa juu, kwenye amri, na siyo kwenye korodani. Hilo litakusaidia kusoma majibu.

Kupima bila kujidanganya

Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyosonga, hasa kwa vijana. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla hujala chochote. Kutokula si mapambo: gramu 75 za glukosi, kiasi kinachotumika kupimia kisukari, zinaweza kuishusha testosteroni kwa karibu robo ndani ya saa mbili. Chai yenye sukari na maandazi mawili kabla ya kuchomwa sindano, na tayari umejitengenezea "upungufu" ambao haupo. Maji matupu yanaruhusiwa.

Anayefanya kazi za usiku asiende na saa ya ukutani. Saa ya mwili wake imehama. Apime muda mfupi baada ya kuamka kutoka usingizi wake mrefu, na amweleze mtu wa maabara hivyo.

Usipime ukiwa na homa, ukiwa umetoka kwenye operesheni, au siku moja baada ya kukesha. Ugonjwa wowote mkali huiangusha testosteroni kwa muda, na mwili ukipona inarudi yenyewe. Subiri wiki kadhaa. Usipime pia ukiwa katikati ya mlo mkali wa kupunguza uzito. Na kama unameza vidonge vya nywele na kucha, soma lebo: vingi vina bayotini (vitamini B7) kwa wingi, na bayotini huvuruga baadhi ya mashine za kupimia homoni, mara nyingi kwa kuionyesha testosteroni kuwa juu kuliko ilivyo. Viache siku 3 kabla ya kipimo.

Jibu moja la chini si ugonjwa. Karibu wanaume 3 kati ya 10 ambao kipimo cha kwanza kilitoka chini huonekana wa kawaida wakirudia. Rudia asubuhi nyingine, maabara ileile, kwa masharti yaleyale. Miongozo ya Marekani inayotumiwa na madaktari wa mfumo wa mkojo inaweka mpaka wa chini kwenye nanogramu 300 kwa desilita, sawa na nanomoli 10.4 kwa lita. Fomu ikitumia kipimo kimoja na rafiki yako akataja kingine, zidisha nanomoli kwa 28.8 upate nanogramu. Watu wamegombana na madaktari kwa kulinganisha 14 na 400, kumbe ni kiwango kilekile.

Kipimo cha pili kikiwa chini pia, omba LH, FSH, SHBG na prolaktini (homoni nyingine ya pituitari) zipimwe kwa damu hiyohiyo. Hapo ndipo fomu inaanza kusema.

Fomu mbili mezani

Chukua mfano wa mtu wa miaka 38, kiuno sentimita 108. Testosteroni ya jumla nanomoli 8.6, LH 3, SHBG 16. Namba ya kwanza inatisha. Lakini angalia LH: homoni ya korodani iko chini, ilhali ubongo haujapandisha sauti. Anayeamuru ndiye aliyelegea. Angalia na SHBG: iko chini, kama ilivyo kawaida kwa wenye kitambi, kwa sababu insulini ikizidi ini hupunguza kutengeneza protini hiyo. Wabebaji wakiwa wachache, hesabu ya jumla inashuka hata pale ambapo testosteroni huru haijashuka kwa kiasi hicho. Daktari akiikokotoa iliyo huru anaweza kuikuta karibu na mpaka wa kawaida au ndani yake. Huyu ndiye mtu ambaye mazoea yanaweza kumrudisha.

Sasa fomu ya pili: testosteroni 7.9, LH 19. Maabara nyingi huiweka LH ya kawaida chini ya 10. Hapa ubongo unapiga kelele na korodani hazijibu. Inaweza kuwa ni matokeo ya matumbwitumbwi yaliyoshukia korodani, jeraha, tiba ya saratani, au hali ya kuzaliwa kama ya Klinefelter, yenye kromosomu X ya ziada, ambayo humpata mwanamume mmoja kati ya 600 hivi. Mtu huyu anaweza kulala vizuri, kukimbia na kula mboga mwaka mzima, afya yake ikaboreka, na testosteroni isisogee. Anahitaji daktari wa homoni, na kumwambia "badilisha mtindo wa maisha" ni kumpotezea muda.

Kuna fomu ya tatu ambayo haina mjadala: testosteroni chini sana, LH chini, prolaktini juu sana, na mtu analalamika kichwa kinauma au haoni vizuri pembeni. Hiyo ni ya kwenda hospitali wiki hii, kwa sababu huenda kuna uvimbe kwenye pituitari.

Usingizi, kabla ya kitu kingine chochote

Testosteroni huanza kupanda unapopata usingizi, na inahitaji angalau saa tatu za usingizi usiokatizwa ili ipande ipasavyo. Ndiyo maana iko juu asubuhi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 10 wenye afya saa 5 tu kwa usiku, usiku 8 mfululizo. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Uzee, kwa kulinganisha, huishusha kwa asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka. Vijana wale walizeeshwa miaka kadhaa kwa wiki moja tu, na hawakuwa wamelewa wala kunenepa.

Lenga saa 7 hadi 8. Anza na saa ya kuamka, siyo ya kulala: chagua muda mmoja na uushike siku zote 7, hata siku ya mapumziko. Ukiamka saa 12 asubuhi kila siku, usingizi wenyewe utakuvuta karibu na saa 4 usiku baada ya wiki moja au mbili. Kujilazimisha kulala mapema huku unaamka ovyo huishia kwenye kugeukageuka kitandani. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa 8 mchana, maana nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi. Chumba kiwe cha giza na baridi kadiri inavyowezekana. Simu ichajiwe nje ya chumba. Ikiwa inatumika kama kengele, nunua saa ya kengele. Tunajua ushauri huu unachosha masikio, lakini ndio unaofanya kazi.

Halafu kuna kukoroma. Si kila mkoromaji ni mgonjwa. Mwulize unayelala naye kama kuna wakati pumzi inakatika kabisa, kimya, kisha unashtuka kama mtu aliyepaliwa. Kama unalala peke yako, acha simu irekodi sauti usiku mmoja. Ukisikia vikatizo hivyo, na mchana unasinzia hata ukiwa umekaa wima, na mzingo wa shingo umezidi sentimita 43, tafuta kipimo cha kukatika pumzi usingizini. Tiba yake ya mashine ya hewa inaokoa moyo na kuondoa usingizi wa mchana. Testosteroni yenyewe haipandi kwa mashine tu kila mara, kwa sababu nyuma yake kuna uzito. Na hapa pana onyo: kuchomwa testosteroni huku pumzi inakatika usiku bila tiba kunaweza kuzidisha tatizo.

Kitambi

Kwa wanaume walio katika umri wa kufanya kazi, hakuna kitu kinachoshusha testosteroni kwa upana kama mafuta ya tumboni. Yanafanya hivyo kwa njia tatu kwa pamoja: insulini inapunguza SHBG, aromatesi inageuza homoni, na kemikali za uchochezi kutoka kwenye mafuta hayo huufanya ubongo ulegeze amri. Kisha testosteroni ikishuka, misuli inapungua na mafuta yanazidi. Mduara huo hukatwa upande wa kiuno.

Pima kiuno, usitegemee mizani. Simama umevua shati, chukua futi ya fundi nguo, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, iwe sambamba na sakafu, toa pumzi kawaida kisha soma. Wengi hukosea kwa kupima chini ya kitambi, pale mkanda unapokaa. Namba hiyo inaweza kubaki 34 ya suruali miaka kumi huku tumbo likikua juu yake. Sentimita 94 ni taa ya njano, 102 ni nyekundu. Kipimo kingine rahisi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kuwa wanene wanaopunguza uzito kwa mlo huongeza testosteroni kwa wastani wa nanomoli 3 hivi kwa lita. Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, ambao hupoteza uzito mwingi zaidi, huongeza karibu 9. Yaani faida inafuata kilo. Aliyepunguza kilo 2 asitegemee kitu. Aliyeshusha sehemu ya kumi ya uzito wake na kuishikilia ana haki ya kutegemea. Na uzito ukirudi, homoni inashuka tena.

Punguza kalori kama 500 kwa siku, ambazo huleta upungufu wa takriban nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Rahisi kuzipata kwenye vinywaji: soda, juisi na bia ndizo kalori ambazo tumbo halizihesabu kuwa chakula. Protini iwe gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoutaka, ili kinachoyeyuka kiwe mafuta badala ya misuli. Kwa anayelenga kilo 80 ni gramu 96 hadi 128 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, gramu 100 za samaki au nyama iliyopikwa zina kama 25, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Jumlisha kwa siku tatu tu uone unapungukiwa wapi, kisha acha kuhesabu.

Kosa la wenye haraka ni kukata chakula nusu nzima. Njaa kali ni amri kwa ubongo kwamba huu si wakati wa kuzaa, na LH inashuka ndani ya siku chache. Unaweza kupoteza kilo nyingi kwa mwezi na kupima testosteroni iliyo chini kuliko ulipoanza.

Mazoezi, na pale yanapogeuka adui

Mtu akinyanyua vyuma vizito, testosteroni hupanda kidogo na kurudi ilipokuwa ndani ya saa moja hivi. Kupanda huko hakujengi misuli wala hamu, ingawa ndiko kunakouzia programu nyingi za gym. Faida ya kweli inakuja kwa njia ya kuzunguka: misuli inanywa sukari, insulini inashuka, kitambi kinapungua, usingizi unakuwa mzito.

Kwa anayeanza, siku mbili au tatu za nguvu kwa wiki zinatosha, zisifuatane. Kila siku fanya zoezi moja la kuchuchumaa na kusimama, moja la kusukuma kama pushapu, moja la kuvuta, na moja la kunyanyua mzigo kutoka chini ukiwa umenyoosha mgongo. Seti 3 za marudio 8 hadi 12, uzito unaokuachia uwezo wa marudio 2 zaidi. Ukiona marudio 12 yamekuwa mepesi, ongeza uzito kidogo. Siku nyingine tembea haraka, jumla ifike dakika 150 kwa wiki. Mwendo ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Upande wa pili wa shilingi ni wakimbiaji na waendesha baiskeli wa masafa marefu, na vijana wa gym wanaokausha mwili. Tatizo lao ni chakula kisichotosha mazoezi. Hesabu ni hii: chukua kalori ulizokula, toa zilizochomwa na mazoezi, gawa kwa kilo za mwili usio mafuta. Mkimbiaji wa kilo 70, mwenye kilo 60 zisizo mafuta, amekula 2,600 na kuchoma 1,000 barabarani. Zimebaki 1,600, gawa kwa 60, ni karibu 27. Wataalamu wa michezo huanza kuwa na wasiwasi ikishuka chini ya 30 kwa muda mrefu. Dalili zake ni uume kuacha kusimama alfajiri, mafua yasiyokwisha, na muda wa mbio kuzidi kuwa mbaya kadiri unavyojituma. Huyu akija na testosteroni ya chini, kumwambia aongeze mazoezi ni kumzika. Aongeze chakula, apunguze kilomita kwa wiki kadhaa, na mara nyingi homoni hurudi.

Chakula chenyewe

Hapa maneno ni mengi kuliko ushahidi, kwa hiyo tutapita upesi. Mafuta yasikatwe kupita kiasi: katika majaribio madogo, waliokula mafuta machache sana walishuka kidogo. Weka asilimia 25 hadi 35 ya kalori. Kwa anayekula 2,400 kwa siku, asilimia 30 ni gramu 80. Zinki huisaidia testosteroni kwa mtu aliyepungukiwa zinki tu. Mwanamume anahitaji miligramu 11 kwa siku, na anayemeza zaidi ya 40 kila siku kwa muda mrefu huzuia madini ya shaba kufyonzwa, akaishia na upungufu wa damu na ganzi miguuni. Vitamini D irekebishwe ikiwa chini, kwa ajili ya mifupa. Usiitegemee kwa homoni. Na soya, inayosingiziwa kuwafanya wanaume kuwa wanawake, haijaonekana kushusha testosteroni majaribio yalipojumlishwa.

Pombe, vidonge na sindano

Pombe ya kupindukia huumiza pande zote: inazitia sumu seli za Leydig, inavuruga amri ya ubongo, na ini likichoka homoni za estrojeni zinabaki nyingi kwenye damu. Matiti ya mlevi wa siku nyingi na korodani zilizosinyaa si hadithi za vijiweni. Hesabu pombe kwa gramu, kwa sababu "chupa mbili tu" hakumaanishi kitu. Zidisha mililita kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa 100, zidisha kwa 0.8. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Chupa tano kwa jioni moja ni gramu 100, na usingizi wa usiku huo umekwenda pia. Anayekunywa kila siku na kutetemeka asipopata, asiache ghafla peke yake. Arosto ya pombe inaweza kuleta degedege na kuua. Aende kituo cha afya aachishwe kwa utaratibu.

Dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kuanzia tramadoli hadi mofini, pamoja na heroini, huikata amri ya ubongo moja kwa moja. Mtu anayemeza tramadoli ili "akae muda mrefu" kitandani anakata tawi alilokalia. Prednisoloni ya muda mrefu na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili nazo hushusha, za mwisho kwa kupandisha prolaktini. Hizi usiziache kwa uamuzi wako. Mwambie aliyeziandika, mara nyingi kuna mbadala.

Sindano za steroidi za kujenga mwili zina mtego wake. Testosteroni ya nje ikiingia, ubongo unaona imejaa na unanyamaza kabisa. LH na FSH zinakauka, korodani zinasinyaa, mbegu zinaisha. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Katika matokeo yaliyochapishwa 1990, zaidi ya nusu ya waliochomwa miligramu 200 kila wiki walifika mahali pa kutokuwa na mbegu hata moja. Kijana wa gym anayechoma kiasi hicho au zaidi anatumia dawa ya kuzuia mimba bila kujua. Akiacha, mfumo unaweza kuchukua miezi mingi, hata miaka miwili kuamka, na katikati kuna kipindi kizito cha unyonge na kukosa hamu ambacho humrudisha kwenye sindano. Apite kipindi hicho akiwa na daktari. Hata aliyeandikiwa testosteroni kihalali anapaswa kuulizwa kwanza kama bado anataka watoto.

Kuhusu vidonge na unga wa "nguvu za kiume": vingi vinavyofanya kazi ndani ya saa moja vimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, au ndugu zake. Mamlaka za dawa zimekuwa zikivikamata mara kwa mara. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akivinywa, shinikizo linaweza kuporomoka hadi akafa.

Mengine kwa kifupi

Sigara ni kitendawili. Katika tafiti nyingi wavutaji huonekana na testosteroni ya juu kidogo, lakini sigara inaziba mishipa midogo, na mishipa ya uume ni midogo kuliko ya moyo. Kuacha kunasaidia kusimama, hata kama namba ya homoni haipandi. Joto la maji moto, sauna na kompyuta mapajani huharibu zaidi mbegu, maana korodani hutaka nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Testosteroni haisumbuki sana. Tendo la ndoa au punyeto havimalizi homoni, na kujizuia hakuiweki akiba. Msongo wa siku moja hauna neno. Wa miezi, wenye kortisoli (homoni ya msongo) ya juu na usingizi mbovu, una neno.

Ratiba na kipimo cha marudio

Usianze yote siku moja. Wiki 2 za kwanza ni kushika saa ya kuamka na kupunguza pombe, basi. Wiki ya 3 ongeza mazoezi ya nguvu mara 2 na kupima kiuno kila wiki, siku ileile, asubuhi. Wiki ya 5 punguza kalori. Andika mambo matatu tu kwenye daftari: saa ulizolala, kiuno, na kama uume ulisimama alfajiri. Hilo la mwisho ni kipimo cha bure, na mara nyingi hubadilika kabla ya namba ya maabara.

Rudi maabara baada ya miezi 3 hadi 6, uzito ukiwa umetulia kwa angalau wiki 4, kwa masharti yale ya mwanzo: asubuhi, tumbo tupu, maabara ileile. Kupanda kutoka 9.8 hadi 10.6 kunaweza kuwa tofauti ya siku na siku tu, kutoka 8.6 hadi 12 ni mabadiliko. Kama usingizi umekaa sawa, kiuno kimeshuka sentimita 8 au 10, dawa na pombe zimeondoka, na bado testosteroni imetoka chini katika vipimo viwili huku dalili tatu zikiwepo, nenda kwa daktari wa homoni na daftari lako na fomu zote mbili, ile ya kwanza na hii ya sasa.